Nchi Huonwa kwa Miguu: Safari za Miguu na Baiskeli, Ufipa na katika Hifadhi za Taifa

(Haya ni maneno yaliyotolewa na mhitimu mwenzetu katika mkutano wa mwaka wa wahitimu, uliofanyika katika bwalo la shule. Kwa ombi la wajumbe wengi tunayachapisha kama yalivyosemwa. – Mhariri)



Kamati iliponiandikia barua kuniomba niseme juu ya matembezi ya miguu na ya baiskeli katika hifadhi zetu za taifa, mke wangu aliisoma, akacheka, akaniuliza kama Kamati imekosa mtu mwenye gari. Nilimjibu kwamba wenye gari ni wengi, ila wao wamepita tu. Mimi ni Afisa Mipango. Kwa miaka 19 kazi yangu imekuwa kukaa mezani na takwimu za vijiji, na baadaye kwenda vijijini kuona kama takwimu zile zinafanana na watu. Gari la ofisi likiwa halina mafuta, jambo ambalo watumishi wenzangu hapa wanalijua vizuri, nimekwenda kwa baiskeli. Pale baiskeli ilipokwama nimekwenda kwa miguu. Kilichoanza kama shida kimekuwa desturi, na kutokana na desturi hiyo ndiyo nazungumza leo.

Nina mambo manne. Kwanza, nitasema juu ya nchi hii tunayoikanyaga. Pili, juu ya hifadhi za taifa na namna zinavyoruhusu au kutoruhusu mtu kwenda kwa miguu au kwa baiskeli. Tatu, nitasema juu ya msitu wa Mbizi na watu wake. Nne, nina hoja mbele ya mkutano huu, nayo inahusu fedha. Najua hiyo ya nne ndiyo itakayowaamsha waliokwisha kusinzia.

NCHI TUNAYOIKANYAGA

Vijana, mwalimu wenu wa Jiografia amewafundisha Bonde la Ufa. Mnaweza kulichora kwenye mtihani na kupata alama zote, lakini hamna haja ya kulichora, kwa maana mmekaa juu yake. Magharibi yetu nchi imedidimia, na maji yakajaa, ndiyo Ziwa Tanganyika lenye kina cha mita 1,470. Mashariki yetu nchi imedidimia tena, ndilo bonde la Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na kina kirefu na lisilo na mto wa kulitoa maji, ambalo hupanuka na kusinyaa kufuatana na mvua. Katikati ya madidimio hayo mawili limebaki bamba moja la nchi lililoinuka, na hilo ndilo Ufipa. Sumbawanga mjini tuko kiasi cha mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Milima ya Mbizi inapita mita 2,000. Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi. Kwa hiyo anayetoka mjini asubuhi na kuteremka Lyamba lya Mfipa mpaka Muze anashuka karibu mita 1,000. Anaondoka amevaa sweta na anafika akitafuta kivuli. Hakuna kitabu kinachofundisha maana ya mwinuko na hali ya hewa kama magoti ya mtu aliyeteremka njia ile siku moja, na kuipanda siku ya pili.

Wala njia hizi si za jana. David Livingstone alipita katika nchi hii mwaka 1872, katika safari yake ya mwisho, akifuata vilima vya upande wa Ziwa Tanganyika. Joseph Thomson alipita mwaka 1880. Vitabu vyao vinasifiwa, lakini wote wawili walipita kwenye njia zilizokwisha kukanyagwa na Wafipa waliokuwa wakibeba majembe ya chuma, nafaka na samaki kutoka upande mmoja wa uwanda hadi mwingine. Anayetembea leo katika Ufipa bado anakutana na malungu, yaani tanuru ndefu za udongo za kuyeyushia chuma, zinazopita kimo cha mtu. Nyingine zimesimama peke yake porini, nyingine ziko katikati ya shamba la mahindi na mwenye shamba analima akizizunguka. Ilungu halikuhitaji mivukuto. Liliachiwa matundu chini, yakawekwa mirija ya udongo, na urefu wake wenyewe ukavuta hewa, kama bomba la moshi la kiwanda linavyovuta. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuru dogo lililoitwa kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi. Kazi hiyo ilikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, baada ya majembe ya viwandani kuingia. Mwanafunzi wa Kemia atakayesimama mbele ya ilungu atajua kwamba babu zake walikuwa na maabara, ingawa haikuwa na mlango wa kufungwa kwa kufuli.

Hata matuta ya mashambani yana somo. Mfipa hukata nyasi mwishoni mwa masika, akazifukia chini ya tuta la mviringo, akapanda maharage juu yake; mvua nyingine zikija hulitawanya tuta lile na kupanda ulezi au mahindi katika udongo uliokwisha kurutubishwa. Kutoka kwenye dirisha la basi matuta haya yanaonekana kama vichuguu vilivyopangwa. Mtu anayepita kwa miguu husimama, akasalimia, akauliza, na akaelezwa.

HIFADHI ZA TAIFA

Sasa nije kwenye hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianza mwaka 1951, kabla ya Uhuru. Mwaka 1961, miezi michache kabla ya bendera yetu kupandishwa, Mwalimu Nyerere alitoa tamko linalojulikana kama Tamko la Arusha juu ya wanyamapori, akiahidi kwamba taifa jipya litawatunza. Ahadi ile ilitekelezwa, na hifadhi zimeongezeka. Lakini wengi wetu tumejenga picha moja tu ya hifadhi kichwani, nayo ni picha ya mgeni amesimama katika gari lililofunguliwa paa, akiwa na kamera. Kwa sababu hatuna gari la namna hiyo, tumeona jambo hilo halituhusu.

Picha hiyo ni nusu ya ukweli. Zipo hifadhi za taifa hapa Tanzania ambazo gari halina kazi kabisa. Gombe, iliyotangazwa mwaka 1968, ni ya miguu. Na ni kwa miguu Jane Goodall aliyefika pale Julai 1960 aliwafuata sokwe mpaka wakamzoea. Milima ya Mahale, jirani zetu wa kaskazini kandokando ya Ziwa Tanganyika, ilitangazwa mwaka 1985. Unafika kwa boti, unatembea, na kilele chake cha Nkungwe kina mita 2,462. Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992, haina barabara ndani yake. Ukitaka kuyaona maporomoko ya Sanje, ambayo ni ya mita 170 hivi, unapanda. Kitulo, kule Nyanda za Juu Kusini, ilitangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, na ua halionekani kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Kilimanjaro yenyewe, mita 5,895, sijasikia mtu aliyeipanda mpaka kileleni kwa basi.

Na sisi tunayo Katavi. Nasema tunayo, ingawa mwaka 2012 Mkoa wa Katavi ulikatwa kutoka Mkoa wetu wa Rukwa, na hifadhi ikaenda huko. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, na mwaka huo huo Katavi ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Mwaka 1998 ilipanuliwa ikafikia kilomita za mraba 4,471. Jina lake latokana na mzimu wa Katabi, ambao wenyeji wanasema unakaa katika mkwaju ulioko karibu na Ziwa Katavi. Watu wamekuwa wakiweka sadaka pale kabla ya safari ya uwindaji tangu zamani, kabla hakujakuwa na hifadhi, geti wala stakabadhi.

Wanafunzi wengi hapa wameipita Katavi wakiwa katika basi la Mpanda, maana barabara kuu inakatisha ndani yake. Wanachokumbuka ni mbung'o. Nami nawakumbuka mbung'o wale. Mtu akitaka kujua kama shati lake ni zito kiasi cha kutosha, na aende Katavi. Lakini shukeni Sitalike, kijiji kilicho mpakani mwa hifadhi, mkasimame kandokando ya Mto Katuma wakati wa kiangazi. Mtaona viboko wamelala wamebanana kama magunia ghalani, mmoja juu ya mwingine, wakigombea dimbwi moja la matope. Wageni husafiri nusu ya dunia kuja kuyaona hayo na kuyapiga picha.

Kwa nini wanabanana? Hapo ndipo Afisa Mipango anapoacha kutazama kama mtalii. Mto Katuma unatoka nyanda za juu za upande wa Mpanda, unapita mashamba ya mpunga kabla ya kuingia hifadhini, unajaza Ziwa Katavi na Ziwa Chada, na maji yake huendelea kwa Mto Kavuu mpaka Ziwa Rukwa. Maji yanazuiwa na kuchepushwa huko juu kwa ajili ya mpunga, na kiangazi yanayofika chini ni kidogo sana. Mkulima wa mpunga ana watoto wa kusomesha. Kiboko naye hana mto mwingine. Mtu asiyeutembea mto ule kutoka juu mpaka chini ataona upande mmoja tu wa jambo, na atatoa lawama za haraka. Vijana, baadhi yenu mtakuwa watumishi wa Serikali na mtatakiwa kuamua mambo ya namna hii. Ni afadhali muwe mmekwisha kuuona mto kabla ya kuletewa faili lake.

Kuhusu kutembea ndani ya Katavi, sheria yake ni nyepesi kueleza na haina mjadala. Unatembea ukiwa na askari wa hifadhi mwenye silaha, unafuata nyayo zake, unanyamaza anaponyamaza. Simba wapo, tembo wapo, na nyati wapo kwa makundi makubwa. Sikuwahi kumsikia askari wa Katavi akimwogopa simba kama anavyomwogopa nyati dume aliyejitenga na kundi. Baiskeli haina nafasi miongoni mwa wanyama hao. Kiingilio cha mwananchi hulipwa kwa shilingi, na ni kidogo sana ukikilinganisha na cha mgeni. Kwa hiyo anayesema Katavi ni ya Wazungu hajafika getini kuuliza.

JUU YA BAISKELI

Je, ipo hifadhi ya taifa ambayo mtu anaingia kwa baiskeli? Ipo, na haiko mbali sana. Majirani zetu wa Kenya wana hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, iliyotangazwa mwaka 1984. Ni ndogo, kilomita za mraba 68 tu, yaani unaweza kuitia ndani ya Katavi zaidi ya mara 60. Mtu hukodi baiskeli karibu na geti, akaingia, akapita katikati ya pundamilia, twiga na nyati, chini ya majabali marefu, bila askari na bila gari. Wanafunzi huenda pale kwa mamia. Imewezekana kwa sababu ya aina ya wanyama waliopo na umbo la bonde lenyewe.

Hata hivyo sitaki niwasifie jambo bila kuwaonyesha upande wake wa pili. Ndani ya hifadhi ile lipo korongo jembamba. Aprili 2012 vijana 7 wa kundi la kanisa walifariki humo, baada ya mafuriko ya ghafla kutoka mvua iliyonyesha mahali pengine kuwakuta chini ya korongo. Juu yao huenda hapakuwa na wingu. Nasema haya kwa wanafunzi na kwa walimu pia: safari ya miguu au baiskeli ni jambo la furaha, na furaha hiyo hupangwa. Mtu hukagua mvua, hukagua njia, na huacha nyuma jina la mahali anapokwenda na saa ya kurudi.

Sisi Ufipa hatuna hifadhi ya taifa ya kuendesha baiskeli, lakini tuna nchi nzima ya kuendeshea. Uwanda wetu uko wazi, upepo wa Juni na Julai ni wa baridi na unasukuma kweli kweli, na barabara zimebadilika. Sisi tuliosoma hapa mwishoni mwa miaka ya 1990 tunaikumbuka safari ya lori kutoka Tunduma, siku nzima katika vumbi, au siku mbili katika tope. Leo ni lami. Ipo pia lami ya kwenda Matai na kuteremka Kasanga, bandari ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg, na ambako meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilitia nanga kwa miaka mingi.

Mwaka 2016 tulifunga safari watu wanne, wote watumishi, kwenda maporomoko ya Kalambo kwa baiskeli. Tulikuwa na Phoenix tatu za kawaida, zile zenye keria nzito ya nyuma, na moja ya gia ambayo mwenyewe aliisifu tangu tunatoka mjini. Mpaka Matai, zaidi ya kilomita 50, mwenye gia alikuwa akitusubiri juu ya kila kilima. Baada ya Matai tuliiacha lami tukashika njia ya vumbi ya kwenda kijiji cha Kapozwa, na hapo cheni ya gia ikakatika. Fundi baiskeli wa kijiji aliitazama kama daktari anayeona ugonjwa mgeni. Hakuwa na cheni yake. Alikuwa na cheni za Phoenix, spoki za Phoenix, tyubu, solusheni na viraka. Mwenzetu alimaliza safari amekaa kwenye keria, na alipolala usiku ule hakusifia tena kitu. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza ya safari za baiskeli ni hii: panda baiskeli ambayo fundi wa kijiji anaweza kuitengeneza.

Na Kalambo! Mto unakuja taratibu, unafika ukingoni, unaanguka mara moja tu zaidi ya mita 200, karibu mara mbili ya maporomoko ya Victoria. Upande huu ni Tanzania, ule ni Zambia, na ndege wakubwa wanaoitwa korongo-mfuko wanajenga viota katika majabali. Wakala wa Huduma za Misitu wameshughulikia njia na ngazi za kuyatazama. Juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia, mtaalamu wa mambo ya kale J. Desmond Clark alianza kuchimba katika miaka ya 1950. Na mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba wamepata pale magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine, yenye umri usiopungua miaka 476,000. Ni kazi ya mikono ya viumbe waliotangulia binadamu wa leo. Habari hiyo ilisomwa dunia nzima. Siku niliyowauliza wanafunzi wa kidato cha tatu, si wa shule hii, ni wangapi wamefika Kalambo, ilinyooka mikono miwili, na mmoja wao alikuwa mtoto wa Kapozwa.

MBIZI NA WATU WAKE

Ndugu Mwenyekiti, jambo la tatu ndilo zito. Msitu wa Mbizi unaonekana kutoka hapa tulipo. Ndani yake wamo mbega wekundu, ambao huku Ufipa wamebaki katika vipande vichache tu vya msitu. Muhimu zaidi kwa mama zetu, Mbizi ndiyo inayohifadhi maji yanayokunywewa Sumbawanga mjini, na ndiyo inayopeleka vijito chini kwenye bonde la Rukwa. Mwenye kupita kwa miguu anaona wazi hali yake: pembezoni pamechomwa moto, mkaa umechomwa, mashamba yamepanda kilima hatua kwa hatua.

Nilipita huko na wenzangu wawili, tukielekea Muze. Chini ya msitu tulimkuta mzee ameketi nje ya nyumba yake akichonga mpini. Tukamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kupima?"

"Hapana, mzee. Tunatembea."

"Mnatembea kwenda wapi?"

"Muze."

"Gari la Muze lipo," akasema, akatutazama tena. "Wa kwanza walikuja na daftari, wakasema wanatembea. Wa pili wakaja na rangi, wakapaka mawe. Wa tatu wakaja na askari. Sasa ninyi ni wa ngapi?"

Wenzangu walinitazama mimi, maana daftari lilikuwa katika mkoba wangu. Nililitoa nikampa. Hakujua kusoma vizuri, akamwita mjukuu wake, na binti yule akamsomea mbele yetu: majina ya ndege, bei ya maharage, mahali tulipokunywa maji. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akachukua fimbo, akatupeleka kiasi cha nusu saa mpaka kwenye chemchemi iliyo chini ya mawe. Akatuambia kwamba alipokuwa kijana maji yale hayakukauka mwaka mzima, na kwamba sasa ifikapo Septemba wanawake wanachimba kwa vikombe. "Andika na hilo," akamwambia mjukuu wake anirudishie daftari.

Wahitimu wenzangu, mzee yule alijua habari za msitu kuliko faili lolote nililowahi kulisoma. Lakini hofu yake ilikuwa ya haki. Mahali pengi katika Afrika ya Mashariki uhifadhi umekuja kwa wananchi kama mpaka uliohamia shambani mwao usiku. Tukitaka vijana wetu watembee katika nchi hii, hatuna budi kuwafundisha adabu ya kutembea. Uanze ofisi ya kijiji, useme jina lako na unakotoka. Uchukue mwongozaji wa kijiji hicho hicho na umlipe kabla ya jioni. Ununue chakula hapo, maharage ni mengi na migebuka ya kukausha haikosekani, badala ya kubeba mikate ya mjini. Usipige picha nyumba ya mtu kama kwamba ni ilungu. Na ukiahidi kurudi, urudi. Nasema kwa uzoefu kwamba kijiji kilichopokea wageni wenye adabu na kupata chochote kwao huulinda msitu wake kwa bidii zaidi kuliko kile kilichoona askari peke yake. Na mzee akiuliza ninyi ni wa ngapi, tuwe na jibu la heshima.

HOJA YANGU

Sasa nafika kwenye fedha. Kamati imetueleza kwamba michango yetu imefikia kiasi cha kujenga lango jipya la shule, lenye nguzo mbili, paa, na bamba la shaba la majina ya waliochanga. Nimeuona mchoro, na ni mzuri. Jina langu limo, na limeandikwa sawasawa. Pamoja na hayo naomba mkutano huu uamue vingine. Lango tulilonalo linafunguka na linafungwa. Wanafunzi wanaotoka ndani yake ndio ambao hawajafika Kalambo.

Naomba nusu ya fedha zile ziende kwenye Chama cha Matembezi cha wanafunzi. Mahitaji nimeyaandika: baiskeli 12 za aina ambayo fundi wa kijiji anaijua, pampu 4, sanduku la vifaa vya pancha na cheni, sanduku la huduma ya kwanza, mahema, na akiba ya viingilio na posho za waongozaji. Safari ziwe tatu kwa mwaka, zote kati ya Mei na Oktoba wakati wa kiangazi. Kidato cha kwanza wapande Mbizi, kwenda na kurudi siku moja. Kidato cha tatu, kwa zamu za watu 12, waende Kalambo kwa baiskeli siku nne, wakiwa na mwalimu na wahitimu wawili. Wakubwa waende Katavi kwa basi mpaka Sitalike, na hapo watembee na askari wa hifadhi kwa taratibu zake. Kila kundi lilete taarifa ya maandishi, na iliyo bora ichapishwe katika jarida hili.

Najua yatakayosemwa. Mzazi atasema mtoto ameletwa kusoma, hakuletwa kuzurura. Namheshimu mzazi huyo, ndiye anayelipa ada. Lakini mwinuko, mvua, udongo, chuma, mto na mpaka ni mada za mtihani wa mwanawe, na zote ziko njiani kati ya hapa na Kapozwa. Mwalimu atasema kuna hatari. Ipo, na kwa sababu hiyo nimetaja korongo la Kenya; ndiyo maana nimesema kiangazi, nimesema mwalimu, nimesema askari. Mhitimu mwenzangu atasema jina lake litaonekana wapi kama bamba la shaba halipo. Huyo nitamwomba aje Julai, saa kumi na mbili asubuhi, na baridi ile ya kwetu, awasindikize vijana 12 mpaka Matai. Jina lake watalikumbuka.

Wageni huutania mji wetu kwa maana ya jina lake, kwamba Sumbawanga ni kutupa uchawi. Mimi siwakasirikii. Kama kuna uchawi unaotakiwa kutupwa hapa, ni ule unaomfanya kijana aliyezaliwa kati ya maziwa mawili, chini ya msitu, siku moja kutoka hifadhi ya taifa, aamini kwamba nchi ya kutazamwa iko kwingine.

Ndugu Mwenyekiti, natoa hoja. Kwa wanafunzi nina neno dogo: baiskeli ninayoipanda nimekuja nayo, imeegeshwa chini ya mwembe karibu na jiko. Anayetaka kujifunza kuziba pancha aje nayo pale baada ya chakula. Solusheni ninayo.